Mvua ya Kupandia: Maana Yake, na Kwa Nini Mvua ya Kwanza Si Lazima Iwe Mwanzo wa Msimu

Mvua ya kupandia ni mvua inayolowanisha udongo kwa kina kinachotosha mbegu kuota, na ambayo haifuatwi na ukavu mrefu kiasi cha kuua mche kabla mizizi yake haijashika. Maana hii ina sehemu mbili, na ya pili ndiyo inayosahaulika. Kiasi cha maji kinaweza kupimwa siku ileile mvua inaponyesha, lakini kama mvua hiyo ilikuwa kweli ya kupandia au ilikuwa ya kudanganya, jambo hilo hujulikana kwa hakika baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, swali la "mmeshapanda?" linaloanza kusikika Oktoba inapoelekea mwisho haliulizwi kama maamkizi; anayeuliza anataka kujua jirani yake ameamua nini.

Uzito wa uamuzi huo unatokana na ukweli kwamba Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ilimo mikoa hiyo, zina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba na kuisha Aprili. Mkulima wa Pwani au wa Kilimanjaro aliyekosa vuli huitazamia masika; wa Mbozi akiharibikiwa Desemba hana msimu mwingine wa kukimbilia, isipokuwa awe na kinyungu bondeni, yaani kishamba cha unyevunyevu ambacho watu wa Iringa na Njombe hukilima wakati wa kiangazi. Hata majina ya majira tunayofundishwa darasani hayakai sawasawa huku. Vuli na masika kama misimu miwili ni mpangilio wa kaskazini na Pwani, na huku watu wengi husema masika wakimaanisha kipindi chote cha mvua, na kiangazi wakimaanisha miezi yote mikavu, ikiwamo Juni na Julai ambapo Makete na Njombe hupata baridi ya kugandisha umande.

Kati ya baridi hiyo na mvua kuna wiki za kungoja, Septemba na Oktoba, ambazo ndizo chipuko la huku kwetu. Majakaranda ya Mbeya na Iringa huchanua zambarau, na misitu ya miombo hutoa majani mapya yenye rangi nyekundu ya shaba kabla tone lolote halijadondoka. Wengi huichukulia dalili hiyo kuwa ahadi ya mvua iliyo karibu, lakini miti ya miombo hutumia maji iliyoyahifadhi pamoja na yale yanayofikiwa na mizizi yake mirefu, kwa hiyo huweza kuchipua wiki kadhaa kabla ya mvua, iwe mvua hiyo itawahi au itachelewa. Mti unaeleza yaliyo chini ya ardhi na joto lililopanda. Kuhusu mawingu ya Novemba hauna habari. Kumbikumbi ni shahidi bora kidogo, kwa kuwa huruka baada ya mvua kulowanisha ardhi, ingawa nao huthibitisha tu kwamba imenyesha, na hawasemi kama itaendelea.

Katikati ya Oktoba jua la mchana hupita juu ya utosi katika latitudo ya Mbeya na Iringa, na ardhi iliyokauka tangu Mei hupata joto kali. Hewa iliyopashwa joto hupanda kwenye miteremko ya milima, hukutana na unyevu unaotoka upande wa Ziwa Nyasa au unaosukumwa kutoka magharibi, Bonde la Kongo, na mchana mmoja radi hupiga, mvua ya mawe hushuka, kisha jioni anga huwa jeupe kama kawaida. Mvua ya namna hii ni ya mahali padogo: kijiji kimoja hulowa na cha pili hubaki na vumbi. Mvua za msimu wenyewe zina chanzo kipana zaidi, nao ni ukanda mvua, yaani eneo ambalo pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kusukuma hewa juu. Ukanda huo hulifuata jua kuelekea kusini, lakini hubaki nyuma yake kwa wiki kadhaa. Mvua ya Oktoba, kwa hiyo, mara nyingi ni ya joto la mchana na milima, na mtu akiipandia mahindi amepanda kwa kutegemea mfumo ambao haujafika.

Wataalamu wamejaribu kuufunga mwanzo wa msimu kwa namba. Vigezo hutofautiana kidogo, lakini kinachotumika sana katika tafiti za kilimo kinasema hivi: msimu umeanza inapopatikana mvua ya jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu mfululizo, mradi katika siku 30 zinazofuata kusiwe na kipindi cha ukavu kinachozidi siku kumi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba, kwa hiyo milimita 20 zikinyesha juu ya ekari moja ni zaidi ya lita 80,000, sawa na mapipa 400 yale ya lita 200. Yanasikika kuwa maji mengi mno, lakini udongo uliokauka kwa miezi sita huyanywa, na jua la Novemba huanza kuyarudisha angani kesho yake. Sharti la siku 30 ndilo linalokifanya kigezo kuwa cha kweli, na ndilo pia linalokifanya kiwe kigumu kutumia shambani, kwa sababu linamtaka mkulima ajue leo kitakachotokea mwezi mzima ujao.

Kinachotokea chini ya ardhi kinaeleza kwa nini mvua ndogo ni hatari kuliko kukosa mvua kabisa. Mbegu ya mahindi iliyofukiwa sentimita tano kwenye vumbi kavu kabisa inaweza kulala humo kwa muda ikisubiri, isipochimbuliwa na panya au ndege. Ikipata unyevu kidogo huvimba na kuanza kuota, na ikishaanza hairudi nyuma. Unyevu ukikatika kabla mzizi haujafika penye maji, mbegu hufa. Rasharasha ya milimita nane, inayofurahisha macho na kutoa harufu ile tamu ya udongo, inatosha kuiamsha na haitoshi kuilea.

Hata hivyo, kungoja nako kuna gharama, na si haki kumwita mkosefu wa subira kila anayepanda mapema. Aina za mahindi za ukanda wa juu, ambako ubaridi hupunguza kasi ya kukua, huhitaji miezi mitano, sita au zaidi hadi kukomaa, kwa hiyo wiki zilizopotea mwanzoni zinaweza kukosekana mwishoni mvua zikikatika mapema. Isitoshe, udongo mkavu unapolowana kwa mara ya kwanza, vijidudu vyake huamka na kuachia kwa wingi naitrojeni, yaani chakula cha mmea, ambayo mvua kubwa zinazofuata huizamisha chini. Mmea uliowahi hunufaika nayo, uliochelewa huikuta imeondoka. Tena kuna suala la vibarua na trekta, ambavyo wiki ile kila mtu anavitaka kwa siku moja. Baadhi ya wakulima hugawa shamba, wakapanda sehemu kwa mvua ya kwanza na kuiacha nyingine, na kwa maoni yangu huo ni uamuzi wenye busara kuliko wanavyosifiwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za msimu kabla ya Novemba, ikitaja wiki ambayo mvua zinatarajiwa kuanza kwa kila kundi la mikoa. Maneno yake yana maana maalumu: mvua za wastani ni kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali husika. "Juu ya wastani" ni hesabu ya msimu mzima na haihusu tarehe ya kuanza wala mtawanyiko, hivyo msimu unaweza kuwa juu ya wastani na bado ukaanza vibaya, kwa mvua mbili za Novemba na ukavu hadi Krismasi. Vivyo hivyo habari za El Niño, yaani ongezeko la joto la maji ya Bahari ya Pasifiki linalobadilisha mvua sehemu nyingi za dunia. Nguvu yake ya kuongeza mvua za Oktoba hadi Desemba huonekana zaidi kaskazini mwa nchi na Pwani, wakati nchi za kusini mwa Afrika mara nyingi hukumbwa na ukame; Nyanda za Juu Kusini ziko kwenye mpaka wa hali hizo mbili, na athari yake huku haitabiriki kwa urahisi.

Dhana yenyewe pia hubadilika kwa mahali. Tukuyu, inayopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na ambako miezi mikavu kabisa ni michache, neno hili lina uzito mdogo. Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa, ambako mvua ya mwaka mzima ni sehemu ndogo tu ya hiyo, mvua moja isiyosomwa vizuri inaweza kugharimu mavuno yote.

Kipimo cha nyumbani hakihitaji fedha. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa mbali na miti na mapaa, na rula ya mwanafunzi, vitaonyesha milimita kila asubuhi. Kisha mkulima achukue jembe achimbe: kama unyevu umeshuka sentimita 15 au zaidi na udongo unashikana ukiufinya kiganjani bila kuchuruza maji, sehemu ya kwanza ya maana imetimia. Kama chini ya vidole viwili vya tope kuna vumbi la Agosti, mbegu irudi stoo.