Mirija ya figo hurudishaje madini kwenye damu

Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Sodiamu iliyomo humo ni sawa na kilo moja na nusu ya chumvi ya mezani. Mkojo wa siku hiyo ni kama lita 1.5 tu, na chumvi inayotoka nao ni gramu chache. Nyingine yote imerudishwa kwenye damu na mirija myembamba mno, karibu milioni moja katika kila figo. Huko kurudisha ndiko kunakoitwa ufyonzaji upya.

Kila seli ya mrija ina pande mbili: mmoja umeelekea majimaji yanayopita, mwingine umeelekea damu. Upande wa damu kuna pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, nayo hula nishati nyingi. Kwa kuwa sodiamu ndani ya seli huwa kidogo, ile iliyo kwenye mrija huingia yenyewe kupitia milango yake, huku ikivuta fosfeti na glukosi. Shughuli karibu yote ya mrija imeegemea pampu hiyo moja.

Sehemu ya kwanza ya mrija hurudisha thuluthi mbili ya sodiamu na maji, na karibu asilimia 80 ya fosfeti. Tenofovir, dawa ya VVU, huweza kuidhuru kwa baadhi ya watumiaji. Ndipo kipimo cha mkojo huonyesha sukari ilhali sukari ya damu ni ya kawaida; fosfeti nayo humwagika, na mifupa hulegea.

Kinachofuata ni kitanzi cha Henle, sehemu ya mrija inayoshuka kisha kupinda na kupanda. Katika mkono wake mnene unaopanda, mlango mmoja hupitisha kwa pamoja sodiamu moja, potasiamu moja na kloraidi mbili. Potasiamu huvuja tena kurudi mrijani, na chaji yake chanya husukuma kalisi na magnesiamu zipenye katikati ya seli na seli. Hapa ndipo magnesiamu nyingi hurudishwa, asilimia 60 hadi 70. Furosemide, dawa ya kuongeza mkojo, huziba mlango huo, kwa hiyo mgonjwa hupoteza madini yote hayo kwa mkupuo.

Mbele kidogo homoni ya paradundumio, tezi ndogo za shingoni, huongeza urudishaji wa kalisi. Mwishoni mwa mrija, homoni iitwayo aldosteroni huamuru sodiamu irudi kwenye damu na potasiamu itoke kwenye mkojo kupitia mlango wake.

Mlango huo wa kutolea potasiamu hubanwa na magnesiamu iliyo ndani ya seli. Magnesiamu ikipungua, mlango hubaki wazi na potasiamu huvuja mfululizo. Hili huonekana sana kwa mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi (aina ya kuvu) anayetibiwa kwa amphotericin B, dawa inayotoboa utando wa seli za mrija. Anaongezewa potasiamu leo, kesho kipimo kiko chini vilevile. Kumzidishia dozi si jibu. Magnesiamu lazima ipimwe na irekebishwe pamoja na potasiamu. Lakini kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha utendaji wa figo, itazamwe kwanza, kwa sababu figo iliyochoka haiwezi kutoa magnesiamu inayozidi, na ikirundikana hudhoofisha misuli, pumzi na mapigo ya moyo.