Kichujio cha barua taka: maana yake, na namna ofisi inavyochagua kinachoifaa

Kichujio cha barua taka ni programu inayokaa ndani ya seva ya barua pepe, au mbele yake, na kuamua kila ujumbe unaoingia uende wapi: kwenye kisanduku cha mwenyewe, kwenye folda ya spamu, kwenye karantini inayoangaliwa na mtu wa Tehama, au ukataliwe kabla haujapokelewa. Barua taka yenyewe ni ile inayotumwa kwa watu wengi kwa mkupuo bila wao kuiomba. Mwezi Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, alituma tangazo moja kwa watumiaji karibu 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, na hilo ndilo hutajwa kuwa barua taka ya kwanza. Yeye alikuwa akiuza mashine. Wanaotuma leo wanataka nywila zako, au pesa zinazopita mikononi mwa mhasibu.

Wauzaji wa vichujio hupenda kutaja asilimia ya taka wanazokamata. Namba hiyo ni muhimu, ila mimi nisingeanza nayo. Kichujio hukosea kwa njia mbili: kupitisha taka, au kukamata barua halali. Kosa la kwanza linaudhi tu. Mtu anafuta na kuendelea na kazi. La pili linaweza kuikosesha ofisi zabuni, kwa sababu aliyekosa barua hajui kwamba ameikosa, na aliyeituma anaamini imefika.

Chukua ofisi inayopokea barua 2,000 kwa siku, nusu yake taka. Kichujio cha kwanza kinakamata taka 995 kati ya 1,000, lakini kinakosea barua 1 katika kila 100 zilizo halali. Maana yake barua 10 za kazi zinapotea kila siku. Cha pili kinakamata taka 970 tu, ila kinakosea barua halali 1 kati ya 2,000. Hapo wafanyakazi wote kwa pamoja watafuta taka 30 kwa siku, na barua halali moja itapotea kila baada ya siku mbili. Ningechukua cha pili bila kusita. Kwa hiyo muuzaji akija na asilimia yake, muulize anakosea barua halali ngapi, na zikikosewa zinakwenda wapi.

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Seva mbili zinapozungumza, inayotuma hujitambulisha, hutaja anayetuma na anayetumiwa, kisha hutoa ujumbe wenyewe. Katika kila hatua inayopokea hujibu kwa namba. Ikijibu 250 baada ya kupewa ujumbe wenyewe, imekubali na imebeba dhamana. Ikijibu 450 au 451, inasema jaribu tena baadaye. Ikijibu 550, imekataa, na seva ya mtumaji itamwandikia mwenyewe kwamba barua yake haikufika. Hapo ndipo penye haki ya kila upande: mteja halali aliyekataliwa kwa bahati mbaya atapata taarifa, atapiga simu, na tatizo litajulikana siku hiyohiyo. Kichujio kinachopokea kwa 250 kisha kikaitupa barua kimyakimya kimemdanganya mtumaji na mpokeaji. Ofisi isikubali mpangilio huo, hata ukielezwa kuwa unapunguza usumbufu. Kupokea kwanza halafu kumwandikia mtumaji taarifa ya kukataa nako kuna ubaya wake, maana anwani za watumaji wa taka kwa kawaida ni za kughushi. Taarifa zako zitamwangukia mtu asiyehusika, na seva yako yenyewe itaanza kuhesabiwa kuwa chanzo cha taka. Kama ni kukataa, kataa mazungumzo yakiwa bado yanaendelea.

Ndani ya kichujio kizuri kuna vipimo kadhaa, na kile rahisi hutangulia. Cha kwanza ni sifa ya anwani ya IP inayoleta barua, yaani namba inayoitambulisha mashine kwenye mtandao. Spamhaus, iliyoanzishwa London mwaka 1998 na Steve Linford, hutunza orodha za anwani zinazojulikana kwa kutuma taka, na seva huziuliza kupitia DNS, mfumo unaotafuta anwani ya IP ya kila jina la mtandao. Anwani ikiwa 192.0.2.45, seva huigeuza na kuuliza 45.2.0.192.zen.spamhaus.org. Jibu linaloanza na 127.0.0 lina maana imo kwenye orodha. Pasipo jibu, haimo. Kipimo hiki hakigharimu karibu chochote, na huondoa mzigo mkubwa kabla ujumbe haujasomwa.

Kina mtego wake, nao umeziumiza ofisi. Spamhaus haihudumii maswali ya bure yanayopitia DNS za umma kama 8.8.8.8 ya Google. Ukiuliza kwa njia hiyo hurudishiwa 127.255.255.254, jibu la kukuambia kwamba umeuliza vibaya. Seva iliyopangwa kuona kila jibu kuwa ni alama ya taka itakataa barua zote, kutoka kila mahali. Tiba ni kuendesha DNS yako mwenyewe ndani ya ofisi, na kuieleza Postfix au programu yoyote ya seva ya barua uliyonayo ni majibu yapi hasa yahesabiwe. Kama ofisi inavuka kiwango cha matumizi ya bure, ilipie huduma.

Cha pili ni uthibitisho wa kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa fulani. DKIM huweka sahihi ya kidijitali inayoonyesha kwamba ujumbe haujabadilishwa njiani. DMARC, iliyochapishwa mwaka 2015 katika waraka wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 7489, huunganisha hizo mbili na anwani ambayo msomaji anaiona kwa macho, na humruhusu mwenye kikoa kusema barua ikishindwa mtihani ifanyweje: iachwe, iwekwe kando au ikataliwe. Tangu Februari 2024 Google inadai vyote vitatu kwa wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail, na Yahoo nayo iliweka masharti yanayofanana kwa wanaotuma kwa wingi. Lakini uthibitisho huo unaeleza barua imetoka wapi, hausemi kama aliyeituma ni mwema. Tapeli anaweza kununua kikoa asubuhi na kukiwekea SPF, DKIM na DMARC safi kabla ya mchana. Barua ya mteja mwaminifu nayo inaweza kushindwa SPF kwa sababu tu ilitumwa kwenye anwani yenu ya zamani, nayo ikaielekeza kwenye mpya. Ichukuliwe kama ushahidi mmojawapo.

Kisha kuna kusoma ujumbe wenyewe, na hapa ndipo sisi tunaoandikiana kwa Kiswahili tunapaswa kuwa macho zaidi. Programu ya SpamAssassin, iliyoanzishwa na Justin Mason mwaka 2001 na sasa iko chini ya taasisi ya programu huria ya Apache, huupa ujumbe alama kwa kila dalili inayoiona, na kwa mpangilio wake wa mwanzo ujumbe wenye alama 5 au zaidi huhesabiwa taka. Rspamd, programu nyingine ya aina hiyo, hufanya kazi kwa mtindo wa alama pia, ila ina viwango kadhaa: alama kidogo hucheleweshwa, za kati huwekewa alama ya spamu, nyingi mno hukataliwa. Kanuni nyingi za maneno zilizomo kwenye programu za aina hii ziliandikwa kwa kuangalia taka za Kiingereza. Utapeli ulioandikwa kwa Kiswahili safi unaweza kupita bila kuguswa. Upande wa pili, SpamAssassin ina kipengele cha kutambua lugha. Fundi akikiwasha na kuorodhesha Kiingereza peke yake kuwa lugha inayokubalika, barua ya halmashauri inayoomba uthibitisho wa malipo itaongezewa alama kwa kosa la kuandikwa kwa lugha ya ofisi.

Dawa ni kukifundisha kichujio kwa barua zenu wenyewe. Njia ya Bayes huhesabu maneno yanayojitokeza zaidi kwenye taka na yanayojitokeza zaidi kwenye barua halali, kisha hukadiria uwezekano wa ujumbe mpya kuwa taka. Haijali ni lugha gani. SpamAssassin haianzi kuitumia mpaka iwe imeonyeshwa angalau taka 200 na barua halali 200, na ofisi nyingi huishia kuipa taka tupu, kwa kuwa hakuna anayefikiria kukusanya barua nzuri. Kipe kichujio ankara, maombi ya likizo, mialiko ya vikao, mawasiliano na wateja, kwa ruhusa ya wenyewe. Baada ya hapo panga folda ili mtumishi akihamisha barua kwenda spamu au akiitoa humo, kichujio kijifunze. Kwa ofisi ya Kiswahili, uwezo huu wa kufundishika ningeuweka mbele ya sifa nyingine zote zilizo kwenye kijitabu cha mauzo.

Kuchelewesha kwa makusudi, ambako seva humjibu mgeni 451 na kusubiri kama atarudi, kulifanya kazi nzuri wakati programu za taka zilikuwa hazirudi. Leo huchelewesha namba za uthibitisho zinazokwisha muda kwa dakika chache. Kutumike kwa barua zenye mashaka tu.

Iko aina ya ulaghai ambayo hakuna kati ya vipimo hivi kinachoiona vizuri: barua moja tu, kutoka akaunti halisi ya msambazaji aliyeibiwa nywila, ikisema namba ya akaunti ya benki imebadilika. IP ni safi, DKIM iko sawa, lugha ni ile mliyoizoea. Kinachozuia hasara hapo ni utaratibu wa mhasibu kupiga simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani kabla ya kulipa, na ofisi iuandike utaratibu huo hata ikiwa na kichujio ghali kuliko vyote.

Uchaguzi kati ya kuendesha kichujio wenyewe na kukodi huduma ya nje unategemea kwanza kama kuna mtu wa kukiangalia kila siku. Kama hayupo, kodi. Kumbukeni tu kwamba barua zenu zitapita mikononi mwa wengine, mara nyingi nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zote zina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya mipaka, kwa hiyo mkataba uonwe na mwanasheria. Na baada ya kuelekeza kwa mtoa huduma rekodi ya MX, ile ya DNS inayosema barua za kikoa chenu zipelekwe wapi, fungeni mlango wa 25 wa seva yenu, ambao seva hupokelea barua, kwa kila mtu isipokuwa yeye. Ukibaki wazi, watumaji wa taka wataifuata seva moja kwa moja, na mtakuwa mnalipia kichujio ambacho barua hazipitii.

Chochote mtakachochagua, kwa wiki za mwanzo kiweke alama tu bila kukataa, na mtu apitie kila siku barua zilizotiwa alama ili aone halali zilizokosewa. Ndipo kiwango cha kukataa kiwekwe, juu ya alama ya barua halali iliyokosewa vibaya zaidi. Barua zinazotoka nazo zichujwe na kuwekewa kikomo kwa saa, maana akaunti moja iliyodukuliwa inaweza kuiingiza IP ya ofisi kwenye orodha zilezile mnazozitumia kuwazuia wengine. Na anwani ya postmaster, ile ya msimamizi wa barua, iachwe nje ya uchujaji mkali, isomwe na mtu. Viwango vya barua pepe vinaitaka iwepo kwenye kila kikoa kinachopokea barua, na mteja aliyekataliwa kimakosa ataitumia kuwaambia.