Taka Huwa Taka Pale Inapochanganywa

Katika mafunzo tunayotoa kwa wananchi, huwa tunaanza kwa kumwaga mfuko mmoja wa taka za nyumbani juu ya turubai. Watu huziba pua, wengine husogea nyuma. Kisha tunavaa glavu na kuchambua kitu kimoja kimoja. Maganda na mabaki ya chakula ndiyo huwa mengi. Kuna karatasi na maboksi, ila yamelowa na yananata. Kuna chupa za plastiki zenye kinywaji kidogo chini, mifuko laini iliyovingirishwa, makopo, kipande cha nguo, betri mbili ndogo, nepi, na mara nyingi kioo kilichovunjika ambacho hakuna aliyekumbuka kukifunga. Ukiacha nepi, ile harufu iliyowarudisha watu nyuma inatoka kwenye kundi moja tu, la maganda na mabaki. Hivyo vingine vilitoka mkononi mwa mtumiaji vikiwa havina harufu yoyote. Vimeambukizwa ndani ya mfuko.

Hapo ndipo ninapowaomba wanaotusikiliza watulie kidogo. Boksi lile lilikuwa malighafi hadi dakika lilipoangukiwa na mabaki. Maganda yale yalikuwa mbolea hadi yalipochanganyika na vipande vya kioo na betri. Tunazungumza sana juu ya ubunifu wa kugeuza taka kuwa bidhaa, na ni jambo jema, lakini ubunifu huo hufa mapema sana, pale jikoni, kwa kukosa chombo cha pili.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mwaka 2016 miji na makazi ya dunia nzima yalizalisha tani bilioni 2.01 za taka ngumu, na kwamba mwendo ukiendelea hivi kiasi hicho kitafika tani bilioni 3.40 ifikapo mwaka 2050. Karibu asilimia 44 ya taka hizo ni mabaki ya chakula na majani, na angalau theluthi moja ya taka zote haishughulikiwi kwa njia salama. Upande wa plastiki, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani hadi mwaka 2015, ni asilimia 9 tu zilizorejelezwa, yaani kutengenezwa upya kuwa bidhaa. Asilimia 12 zilichomwa. Zilizobaki, asilimia 79, zimelala majaani au zimezagaa ardhini na majini.

Wengi wetu tunaamini kwamba taka ikishafika jaani imekwisha. Kuipeleka huko bila kuitenganisha ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Mabaki ya chakula yakifukiwa chini ya tabaka za plastiki hukosa hewa, na vijidudu wanaoishi pasipo hewa huyaozesha kwa namna inayotoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto anga takribani mara 28 kuliko kiasi kilekile cha kabonidioksidi. Methani hiyo hiyo ndiyo huchochea moto wa majaani, ule unaofuka siku nyingi bila kuzimika. Mvua ikinyesha, maji hupenya katikati ya rundo, yanachota asidi za uozo na metali kutoka kwenye betri na vifaa vya umeme, kisha yanatoka chini yakiwa meusi na kuelekea visimani na mitoni. Kinachoyapa maji hayo sumu ni mchanganyiko.

Kuchoma uani nako hakutuokoi. Moto wa uani hauna joto la kutosha kuunguza plastiki kikamilifu, na zile plastiki zenye klorini, kama za mabomba na ngozi bandia, hutoa dioksini, kemikali zinazokaa mwilini miaka mingi na kuongeza hatari ya saratani. Anayevuta moshi huo kwanza ni mtoto anayecheza karibu. Na mfuko laini ukiachwa uende zake na upepo, huishia kwenye mtaro. Bangladesh ilipiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki mwaka 2002, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo, baada ya kubaini kwamba mifuko ilikuwa imeziba mitaro na kuzidisha mafuriko makubwa ya 1988 na 1998.

Sasa tuje kwenye ubunifu. Msanii El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka nchini Nigeria, anafahamika duniani kwa mapazia makubwa yanayometameta, yaliyoshonwa kwa vifuniko vya chupa na waya wa shaba. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake. Safari hiyo ilianza alipookota mfuko uliojaa vifuniko. Angalia jambo hilo vizuri: ulikuwa mfuko wa vifuniko, si wa vifuniko na maganda na nepi. Vivyo hivyo Flipflopi, jahazi lililozinduliwa Lamu mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Limeundwa kwa plastiki iliyookotwa, na ubavuni limevishwa vipande vya kandambili vya rangi zote. Kabla ya fundi kushika randa, kuna watu waliokaa chini wakatenga plastiki aina kwa aina na kuiosha. Kazi hiyo haipigwi picha, lakini bila hiyo hakuna jahazi.

Nyumbani, ubunifu wenye faida kubwa kuliko wote hauna sura ya kuvutia: ni mboji. Nauweka mbele ya mapambo yote kwa sababu unaondoa kundi lile linaloharibu mengine. Chukua ndoo au kreti yenye matundu, au chimba shimo la kina kifupi. Tandika majani makavu au vipande vya boksi, weka maganda, funika tena kwa makavu. Kwa kila kipimo kimoja cha maganda mabichi weka viwili au vitatu vya vitu vikavu. Baada ya siku chache ingiza mkono katikati: utakuta joto, na rundo kubwa lililopangwa vizuri hufika nyuzi 55 au zaidi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu. Kamua konzi moja. Likitoa tone moja au mawili, unyevu unatosha. Likitiririka, ongeza makavu. Harufu ya mayai viza inamaanisha hewa haiingii, basi geuza. Harufu kali ya mkojo inamaanisha mabichi yamezidi. Nyama na mafuta usiviweke, vinaita panya. Miezi michache baadaye unapata udongo mweusi unaonukia kama ardhi baada ya mvua, na utashangaa mfuko wako wa taka ulivyopungua.

Kwa vitu vikavu, kabla hujageuza chochote kuwa kitu kingine, jiulize kilibeba nini. Dumu la kiuatilifu halisafishiki likawa la maji ya kunywa, hata ulioshe mara kumi, kwa sababu sumu hunywewa na plastiki yenyewe kisha hutoka polepole. Lisuuze mara tatu, litoboe lisitumike tena, lirudishe panapokusanywa. Paleti za mbao ambazo mafundi wengi sasa wanazigeuza viti na vitanda huwa na mhuri wa moto ubavuni. Ukisoma HT, mbao zilitibiwa kwa joto na unaweza kuzitumia. Ukisoma MB, zilifukizwa kwa gesi ya sumu ya methili bromidi, na sishauri ziingie chumbani. Tairi kuukuu linafaa kwa bembea na maua, lakini mboga za kuliwa nisingezipanda humo. Tena litoboe chini, maana maji kidogo yakituama ndani ni nyumba ya mbu aina ya Aedes anayeeneza homa ya dengi, ambaye mayai yake huvumilia ukavu miezi mingi yakisubiri mvua.

Jiulize pia kitu hicho kitaishia wapi. Chupa ya plastiki iliyokatwa ikawa chungu cha maua inapendeza, lakini baada ya muda mrefu juani itakauka, itapasuka na kumwaga vipande vidogo vidogo udongoni. Ikishapakwa rangi na gundi, hakuna mrejelezaji atakayeipokea. Chupa safi iliyofika kwenye kituo cha kukusanyia ina maisha marefu kuliko pambo. Kopo la alumini vivyo hivyo: kuliyeyusha na kulitengeneza upya kunaokoa hadi asilimia 95 ya nishati ya kutoa alumini mpya kwenye madini, na linaweza kurudia safari hiyo mara nyingi. Mtungi wa kioo wenye kifuniko ndio usiohitaji ufundi wowote. Osha, weka unga au misumari, umemaliza.

Baada ya yote haya, juu ya turubai letu hubaki kirundo kidogo. Betri huenda kwenye kopo lake kavu, na dawa zilizopitwa na muda hurudi kwenye duka la dawa linalozipokea. Hizi mbili zisiingie kwenye mfuko kabisa. Nepi na vifuko vyenye tabaka za plastiki na karatasi ya alumini inayong'aa havina kazi ya pili kwa sasa, vifunge vizuri. Na kile kioo kilichovunjika kifunge kwa magazeti, kitie ndani ya boksi gumu, ubandike plasta na uandike juu kwa herufi kubwa: VIOO. Mkono utakaogusa mfuko huo baada ya wako ni wa mtu anayezoa taka, na mara nyingi hana glavu.