Ndege za Rufiji 1915: somo la pazia na filimbi

Ukiwaambia wanafunzi leo ni ndege za vita, wote wanaanza milio ya mabomu kwa midomo. Mi huwa nawaacha kidogo afu nauliza, zile ndege za Rufiji mwaka 1915 kazi yao kubwa ilikuwa nini? Kuangalia, na kusema walichokiona, basi.

Stori iko hivi: ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajichimbia kwenye delta ya Rufiji. Waingereza wakaleta Severn na Mersey, meli zinazopita maji mafupi, ila zilikuwa zinapiga kutoka karibu kilomita 10 na mpigaji anaona mikoko tu, ndo maana wakafyeka uwanja kisiwani Mafia ili ndege ziende juu kutazama na kutuma Morse, yaani herufi za milio mifupi na mirefu, kwa redio.

Sasa darasani tunafunga shuka kama pazia, upande huu meli ya chaki sakafuni, upande ule mtoto na vifuko vya mchanga, anairushia meli asiyoiona. Mwenzie yuko juu ya meza anaona kote lakini marufuku kuongea, ana filimbi tu: mlio mmoja kifuko kimepita, miwili hakijafika, mrefu kimeenda kushoto, mirefu miwili kulia. Weka warushaji wawili wanaorusha pamoja uone vurugu, wa juu hajui kifuko ni cha nani, wa chini hajui filimbi inamwambia nani! Tarehe 6 Julai ilikuwa hivyohivyo, makombora zaidi ya 600 na Königsberg haikufa. Tarehe 11 wakapiga kwa zamu, meli moja moja, na siku hiyo Königsberg ikaisha. Rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ndege yao ilipigwa, wakawa wanashuka injini imezimika huku Arnold bado anatuma masahihisho, wakaangukia mtoni wakaokolewa.

Kwa wadogo kabisa, ndege ya karatasi yenye sarafu puani inatosha.

Wajerumani waliopoa mizinga yote 10 wakaenda kupigana nayo nchi kavu, na mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, jirani na wa Pegasus. Mwalimu ukiwaleta waje na rula, mdomo wa huo wa Königsberg ni sentimita 10.5, wapime wenyewe.