Mvua Kunyesha au Kutonyesha Si Nusu kwa Nusu

Tangu masika yaanze, kituo chetu cha hali ya hewa hapa Malindi kimekuwa kikipokea lalamiko lile lile: "Mlisema asilimia 30, na mvua ikalowesha ng'onda wote uchanjani." Poleni sana kwa hasara. Ila utabiri ule haukuwa uongo. Asilimia 30 maana yake, katika siku 10 zenye hali kama ile, takriban 3 hupata mvua. Siku yenu ilikuwa mojawapo ya hizo.

Linalotuchosha ni hoja nyingine: mvua ama itanyesha ama haitanyesha, basi uwezekano ni nusu. Sivyo hata kidogo. Kugawa sawasawa kunafaa pale tu kila tokeo lina nafasi sawa na mwenzake. Akina mama wa chama cha kuchangiana fedha kwa zamu wakikunja vikaratasi 12 vya ukubwa mmoja na kuvitikisa kapuni, kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 12 ya kupokea kwanza, na hapo hakuna haja ya rekodi. Mvua haipigiwi kura. Ingekuwa nusu kwa nusu, kila Februari ingetupa siku kama 14 za mvua, na nani hapa amewahi kuziona?

Kwa mvua tunahesabu yaliyokwisha kutokea. Kila siku saa tatu asubuhi afisa huendea kipima mvua, humimina maji ya saa 24 zilizopita katika gilasi yenye alama za milimita, huinama mpaka jicho liwe sawa na maji, husoma, kisha huandika papo hapo. Siku kavu huandikwa sufuri, haiachwi wazi. Kipimo kilichokosekana hakibuniwi baadaye, hata kwa nia njema. Mei za miaka 30 ni siku 930. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, 558 zilipata mvua: 558 kwa 930 ni 0.6, yaani asilimia 60. Utabiri wa kesho huanzia hapo, kisha hutazama upepo na mawingu ya leo.

Njia hii hudai wingi wa rekodi. Mwanahisabati John Kerrich, akiwa kizuizini Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alirusha sarafu mara 10,000 akapata kichwa mara 5,067, karibu sana na nusu. Siku tatu za juma lililopita hazithibitishi kitu.

Mwenye shaka na aje kituoni na tarehe zake, baada ya saa tatu na nusu, kipimo kikishasomwa. Tutafungua daftari pamoja.