Kabla ya kupaka rangi nyumba ya Sinza, tazama mtaro

Swali ambalo wenye nyumba wa Sinza, Dar es Salaam, hutuuliza zaidi sisi watu wa mipango miji ni la rangi. Nyumba imechoka, baba amestaafu, wapangaji wameanza kuhama, na watoto wamechanga fedha kidogo: je, ipakwe krimu au kijivu? Mimi huomba kwanza nionyeshwe miguu ya ukuta. Mara nyingi nakuta rangi imebanduka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, lipu inamomonyoka ukiigusa, na unga mweupe wa chumvi umechomoza juu yake. Ukuta wa namna hiyo ukiupaka rangi ya plastiki mwezi wa pili, masika yakipita umerudi palepale.

Ukuta huo unakunywa maji kutoka ardhini, na maji yapo hapo kwa sababu mtaro wa mbele ya nyumba hauyapeleki popote.

Sinza haikuota yenyewe. Ni matunda ya miradi ya viwanja na huduma ya miaka ya 1970, serikali ilipokopa Benki ya Dunia, ikapima viwanja hapa na Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kulaza mabomba, kisha kila mtu akajenga kwa uwezo wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliangalia miradi hiyo katika miji saba ya Tanzania na kukuta kwamba sehemu zilizopimwa kabla ya watu kujenga ndizo zilizokuja kuwa na nyumba kubwa, zilizopangika na bora kuliko sehemu za kulinganishwa nazo. Ndiyo maana nasema mtaa mkongwe wa Sinza, hata ukiwa na mabati yenye kutu, bado ni tajiri. Utajiri wake ni ile mistari iliyochorwa zamani: njia iliyonyooka na nafasi kati ya ukuta wa nyumba na barabara. Nyumba utaibomoa ujenge nyingine. Njia ikishamezwa na vibaraza na fremu, kuirudisha ni kesi na machozi.

Nafasi hiyo ya mbele ndiyo inayoharibika kwanza, na huharibika kidogokidogo. Jirani ananunua gari, anahitaji kuvuka mtaro, anatupia bomba la inchi sita na kumwaga zege juu. Mvua ya kwanza maji yanapita. Ya pili inaleta mfuko wa taka na tawi la mwembe, bomba linaziba, na anayefurika si yeye bali jirani wa upande wa juu. Naye anainua kizingiti chake, maji yanahamia kwa mwingine. Nimeona mtaa mfupi wenye vivuko tisa, vya vimo tisa tofauti.

Kivuko kizuri hakibani mtaro. Upana na kina vibaki vilevile mbele ya kila nyumba, na mteremko usikatike. Kushuka sentimita 5 katika kila meta 10 kunatosha kuyasukuma maji. Juu yake weka mifuniko ya zege ya vipande vifupi, kila kimoja cha uzito ambao watu wawili wanaweza kukinyanyua. Zege la kumwaga kwa mkupuo mmoja halifunuliki, na mtaro usiofunuliwa hausafishwi.

Kuhusu kusafisha, nina ombi moja kwa wale wanaojitokeza kwenye usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mchanga mnaouzoa mtaroni msiulundike ukingoni. Rundo lote hilo linarudi ndani na mvua ya kwanza. Mchangie guta, mchanga uondoke siku hiyohiyo.

Maji yakishapata njia, ndipo urudi kwenye ukuta. Ondoa udongo uliorundikana kwenye msingi. Nyumba nyingi za kale sasa ziko chini kuliko barabara, kwa kuwa kila barabara inapokarabatiwa huinuka kidogo, na hapo utahitaji kijimtaro cha kuzunguka nyumba pia. Bandua lipu iliyooza hadi juu kidogo ya alama ya unyevu, uache tofali zipumue kipupwe kizima, Juni hadi Agosti. Kisha piga lipu mpya. Kwa sehemu ya chini mimi napendelea chokaa kuliko rangi ya plastiki, kwa sababu chokaa huruhusu unyevu uliobaki kutoka. Wazee wetu wa pwani walijenga nayo karne nyingi, katika hewa hiihii ya chumvi. Ukikuta paa ni la vigae vya asbesto, usivikate wala kuvisugua. Vumbi lake linaua mapafu. Uliza ofisi ya mazingira ya manispaa kabla fundi hajapanda.

Tuje kwenye kivuli, ambacho kwangu ndicho uzuri wenyewe wa mtaa. Watu wengi wanapanda miashoki. Imenyooka, inapendeza getini, lakini haimfuniki mpita njia. Mkungu hutandaza matawi kama mwavuli, na mwarobaini huvumilia kiangazi. Panda masika yanapoanza, mbali na bomba la maji na ukuta. Na tafadhali usifunike uwanja wote kwa pevingi: acha ukanda wa udongo au nyasi ili sehemu ya mvua inywewe na ardhi ya kwako.

Fremu za biashara sitawaambia mzivunje, zimesomesha watoto. Ila zilizo kwenye mstari mmoja zinaweza kukubaliana kimo kimoja cha vipenu na mabango, na kuacha njia ambayo mama mwenye mtoto mgongoni anapita bila kushuka barabarani. Kuta ndefu zenye chupa juu nazo zifikiriwe upya. Ukuta mfupi wenye nondo au matofali ya matundu huwafanya walio ndani waone njia, na kibaka huogopa macho kuliko chupa.

Anzeni na nyumba kumi zinazotumia mtaro mmoja, na muanzie upande wa chini, maji yanakoelekea, ili msimfurikishe mtu. Kabla ya kununua mfuko wa saruji, nendeni kwa mtendaji wa mtaa, muombe kupitia kwake mchoro wa mipango miji wa eneo lenu kutoka manispaa, kisha mtafute bikoni, yaani alama za mpaka, za kila kiwanja. Nyingine zimefukiwa na vifusi, chukueni chepe. Kazi hiyo ifanyike wakati wa jua, wenye nyumba wote wakiwepo, na kila bikoni ikipatikana ipakwe rangi nyekundu papo hapo.