Siku nzima na sokwe waliookolewa, na kwa nini hata walezi wao hawawashiki

Swali ambalo kitengo chetu cha elimu hapa kwenye makao ya sokwe kinaulizwa kushinda mengine yote, hata lile la wanakula nini, ni hili: naweza kumbeba mmoja nipige naye picha? Jibu ni hapana, na sio eti tunabania watu. Wengi wameona video TikTok, sokwe mtoto amevaa pampasi ananyonya chupa amelala kifuani kwa mtu, wanadhani maisha ya makao ya sokwe ndio hayo. Ukija utashangaa, sisi wenyewe tunaowapa chakula kila siku tuko upande huu wa wavu na wao upande ule, na ratiba yote imepangwa makusudi ili sokwe amhitaji sokwe mwenzake kuliko anavyomhitaji mtu. Ngoja nieleze taratibu.

Kwanza tuelewane ni sokwe gani, hawa ni chimpanzee, sio gorila. Kenya hatuna sokwe wa porini, hata mmoja. Wa karibu wako Uganda, halafu Tanzania kule Gombe na Mahale pembeni ya Ziwa Tanganyika, halafu Burundi, Rwanda na Kongo. Wale wa makao ya Sweetwaters, ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta huku Laikipia karibu na Nanyuki, walianza kuletwa 1993 kwa makubaliano ya hifadhi yenyewe, KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) na taasisi ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, na wa kwanza walitoka Bujumbura maana vita vilikuwa vimeanza Burundi na kituo kilichokuwa kinawatunza hakikuwa salama tena. Kwa hiyo hao ni wakimbizi kabisa, sio namna ya kusema tu.

Na kila mmoja ana historia yake kabla ya kufika. Poco alikuwa amefungiwa kwenye kizimba kidogo kilichoning'inizwa juu Bujumbura ili kuvuta wateja wa biashara ya mtu, humo ndani huwezi kujinyoosha wala kutembea kwa miguu minne, ni kukaa au kusimama basi, miaka inapita. Alipookolewa mwili ulikuwa umeshazoea, akawa anatembea wima kwa miguu miwili kuliko sokwe mwingine yeyote pale, wageni wanacheka wanasema ona kama mtu, wakishaambiwa sababu kicheko kinaisha. Manno naye alitoka mbali zaidi, bustani ya wanyama ya mtu binafsi mjini Duhok, eneo la Wakurdi wa Iraq, huko walikuwa wanamvalisha nguo za watoto wanampa pipi na soda na hata sigara, akafika Kenya mwishoni mwa 2016 akiwa bado mdogo. Fikiria safari ya mtoto huyo, anazaliwa msituni Afrika ya kati, anavushwa mipaka kimagendo hadi Mashariki ya Kati, halafu anarudishwa Afrika lakini sio kwao.

Nyuma ya kila mtoto kama huyo kuna mama aliyeuawa, hilo liko wazi, maana mama sokwe hamwachii mtoto. Mtoto ananyonya hadi miaka minne au mitano na anaishi mgongoni kwa mama, huwezi kumchukua bila kumpiga risasi mama, na mara nyingi na ndugu wanaokuja kutetea.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi Laikipia ni baridi na wao wanalala ndani, kwenye nyumba maalum yenye vyumba vya nondo, wanalala kwa makundi ya wanaopatana. Kazi ya kwanza ya mlezi sio chakula, ni kuhesabu na kuangalia. Anapita mbele ya kila chumba anamtazama kila mmoja: pua inatiririka? anakohoa? kidole kimeraruka? yule ambaye kila siku anakuja mbele kugonga nondo leo mbona amekaa kule nyuma amejikunyata? Kinyesi pia kinaangaliwa, kama ni laini sana au kina minyoo, na kuna siku kinapelekwa maabara. Mlezi mzoefu anawajua kwa sauti, yaani yuko nje bado hajaingia anakuambia huyo anayepiga kelele ni fulani na amekasirishwa na fulani.

Halafu mlezi mwenyewe amevaa barakoa na glavu. Hii watu wanadhani ilianza na korona, hapana, ni ya zamani. Sisi na sokwe tunakaribiana sana kidamu, karibu asilimia 98 ya vinasaba vyetu vinafanana, kwa hiyo mafua yako madogo ya kawaida yanaweza kumlaza sokwe au hata kumuua, na kifua kikuu ndio kabisa. Mlezi akiamka na kikohozi haendi kwa sokwe siku hiyo, anapewa kazi nyingine. Hiyo peke yake ingetosha kuwa jibu la swali la picha lakini tuendelee.

Wakishapata kitu kidogo cha asubuhi milango inafunguliwa wanatoka kwenye eneo lao la wazi, lenye miti na majani na kuzungukwa na uzio wa umeme. Sweetwaters wako makundi mawili na mto Ewaso Nyiro umekaa katikati, na sababu ni siasa, sokwe wana siasa kushinda sisi. Kila kundi lina dume kiongozi na chini yake kuna madume wanaosubiri ateleze, kuna marafiki na wasaliti, kuna jike mzee ambaye hata dume kiongozi anamheshimu. Asubuhi mara nyingi utaona dume amesimamisha manyoya anakimbia anaburuta tawi anapiga mlango teke, kelele kila mahali, wadogo wanapanda miti. Dakika chache imeisha, wale wale waliokuwa wanapigiana kelele wamekaa chini wanachambuana manyoya. Huko kuchambuana ndio kunakojenga kundi, mmoja ananyanyua mkono juu, mwenzake anapitisha vidole polepole kwapani, anatoa kitu kidogo, anakitazama kwa karibu, anakila. Saa nzima inaweza kupita hivyo na mgeni anachoka anauliza kwani watafanya kitu saa ngapi. Ndugu yangu, hicho ndicho kitu chenyewe, sokwe aliyekaa peke yake kwenye kizimba miaka na miaka alikuwa hana wa kumfanyia hivyo.

Chakula: ndizi, machungwa, karoti, kabeji, viazi vitamu, maboga, mahindi, kutegemea msimu na bei ya soko. Makao mengi yanawapa pia uji. Matunda yanapimwa kwa uangalifu maana haya yetu ya sokoni yana sukari nyingi kuliko matunda ya mwituni, sokwe akila ndizi kama kwenye katuni atanenepa na meno yataoza. Na hakiwekwi rundo moja, hilo ni kosa kubwa, dume kiongozi atakaa juu yake na wanyonge watalala njaa. Kinarushwa kwa kutawanya huku na huku juu ya uzio ili kila mtu atafute chake, na hapo ndio unaona akili, kuna anayepiga kelele za hatari upande mmoja halafu anakimbilia upande wa pili kuokota wakati wenzake wanashangaa, na kuna anayejaza mikono miwili, miguu miwili na mdomo halafu anatembea kwa shida hivyo hivyo kuelekea kichakani.

Kisiwa cha Ngamba huko Uganda, ndani ya Ziwa Victoria kilomita kama 23 kutoka Entebbe, hali ni hiyo hiyo ila uzio wao mkubwa ni maji maana sokwe hawajui kuogelea. Kilianza 1998 kwa sokwe 19, sasa wako kama hamsini, kwenye kisiwa cha hekta 40 hivi. Ukisikia hekta 40 za msitu unaona ni nyingi lakini kundi la porini linahitaji kilomita za mraba kadhaa ili lijilishe, kwa hiyo hata Ngamba ambapo sokwe wanashinda msituni wanapanda miti wanavyotaka, lazima walishwe mara kadhaa kwa siku la sivyo wangeumaliza msitu wote.

Mchana kuna kazi ya kuwachangamsha. Sokwe akili yake ni ya kutafuta, porini anatumia sehemu kubwa ya siku kusaka chakula, sasa hapa chakula kinakuja chenyewe, atafanya nini na hizo saa? Asipopewa shughuli anaanza kujing'oa manyoya, kujitingisha mbele nyuma, tabia alizotoka nazo kwenye kizimba zinarudi. Kwa hiyo unatoboa gogo matundu unapaka asali ndani, atalazimika kutafuta kijiti, kukivua majani, kukitafuna ncha mpaka iwe brashi, ndio achovye. Kitu kama hicho ndicho Jane Goodall alikiona Gombe mwaka 1960, sokwe anavua mchwa kwa unyasi, dunia ikashangaa kwamba kumbe sio binadamu peke yake anayetengeneza na kutumia vifaa. Kuna waliookolewa wadogo sana ambao hawakuwahi kufundishwa na mama, wanakaa tu wanaangalia wenzao wanachovya, siku nyingi hivyo, halafu ghafla siku moja naye ameshika kijiti. Siwezi kumfundisha mimi. Yaani naweza kumwonyesha, lakini anavyojifunza kwa sokwe mwenzake ni tofauti kabisa.

Ila akili hiyo hiyo inatusumbua. Wanaupima uzio, wanachukua fimbo kavu wanagusa waya kuona kama umeme upo, na siku umeme ukikatika wao wanajua kabla yako. Miti iliyo karibu na uzio lazima ikatwe matawi la sivyo wanaifanya ngazi. Na baadhi ya madume wanarusha mawe, wanalenga vizuri, mgeni ukiambiwa rudi nyuma usianze kubishana. Mwaka 2012 huko Afrika Kusini mwanafunzi mmoja Mmarekani alivuka uzio wa kwanza kwenye makao ya sokwe, akakaa kati ya uzio na uzio, wakamvuta na kumjeruhi vibaya sana. Sokwe mzima nguvu zake huwezi kushindana nazo, na aliyelelewa na watu ndiye hatari zaidi maana hakuogopi hata kidogo.

Sasa watoto wachanga. Hapa ndipo sheria ya kutoshika inavunjwa, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja asiposhikwa anakufa, hata kama amekula. Akifika anaanza karantini, kwa kawaida kama miezi mitatu, anapimwa kifua kikuu na homa ya ini na minyoo, na muda wote huo mlezi mmoja au wawili ndio mama, wanambeba mgongoni, wanampa maziwa kwa chupa usiku na mchana, analala nao. Lakini tangu siku ya kwanza mlezi anajua kazi yake ni kujiondoa. Anaanza kumweka karibu na wavu aone wengine, halafu anachaguliwa jike mpole akutane naye kupitia wavu, vidole tu kwanza, akimchambua manyoya ni dalili nzuri, halafu wanawekwa chumba kimoja. Baada ya hapo mmoja mmoja wanaongezwa, madume mwishoni kabisa. Inachukua miezi. Siku mtoto anapolia akakimbilia kwa yule jike badala ya kukimbilia kwa mlezi, mlezi anafurahi na anaumia kwa wakati mmoja, nimewaona wanaume wazima wenye ndevu wakigeuka kuangalia pembeni.

Halafu wengine wanauliza, wakizaana je? Majike wanawekewa vipandikizi vya kuzuia mimba, vile vile ambavyo akina mama wanawekewa kliniki. Watu wengine hawapendi kusikia hivyo lakini kila mtoto anayezaliwa makaoni anachukua nafasi ya yatima ambaye bado hajafika, na sokwe anaweza kuishi miaka hamsini na zaidi, kwa hiyo ukimpokea leo wa kumtunza hadi mwisho pengine hata hajaajiriwa bado.

Na kwa nini tusiwaachie tu warudi msituni? Kenya hakuna msitu wao wa kuwarudisha. Kwingine imejaribiwa, Kongo Brazzaville kuanzia 1996 sokwe zaidi ya thelathini waliachiwa hifadhi ya Conkouati, baadhi walifanikiwa, majike hasa, lakini madume walishambuliwa vibaya na sokwe wa porini. Sokwe hawapokei wageni. Kule Gombe kati ya 1974 na 1978 kundi moja lilipogawanyika upande mmoja uliwamaliza madume wote wa upande wa pili, na hao walikuwa wanajuana. Sasa umpeleke mtu aliyekulia Duhok anakula pipi, hajui tunda lipi lina sumu, akimwona binadamu mwenye bunduki anamkimbilia akidhani ameleta soda.

Jioni wanarudi wenyewe, njaa inawaita na giza hawalipendi. Chakula cha mwisho kinatolewa ndani, wanahesabiwa tena, wanapewa nyasi kavu na matawi. Porini sokwe anajenga kiota kipya kila jioni, hivyo huku nao kila mmoja anavuta nyasi zake, anazizungushia kwa mkono, anakandamiza, hajaridhika anatoa anaanza upya. Aliyelelewa kizimbani mara ya kwanza hajui azifanye nini, analala pembeni yake kwenye simenti.

Sasa upande wako. Ukiona sokwe mtoto anauzwa au anafugwa nyumbani, hotelini au popote, usimnunue kwa huruma ili umlete kwetu, pesa yako ndiyo itakayomrudisha mwindaji msituni kutafuta mwingine. Angalia ni wapi, kumbuka tarehe, toa taarifa kwa wasimamizi wa wanyamapori, yaani KWS kama uko Kenya, UWA kama uko Uganda, Tanzania kwa TAWA au TANAPA au kituo cha polisi kilicho karibu. Biashara ya sokwe baina ya nchi na nchi imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, wako kwenye daraja la kwanza, lile la ulinzi mkali zaidi, kwa hiyo hakuna cha kusema ana karatasi zake. Na zile video za sokwe mwenye pampasi usizisambaze hata kwa kucheka, kuna mtu ataiona ataulizia bei kwenye maoni, na kuna mwingine hapo hapo atamjibu.